Daktari akihama zamu, mgonjwa wa kisukari asipotee

Fungua faili la mgonjwa wa kisukari aliyehudhuria kliniki ya mafunzo mwaka mzima, usome kurasa nne za mwisho. Ni kawaida kukuta miandiko minne tofauti, sukari ya kufunga (kabla ya kula, kwa mmol/L) 11.2, halafu 10.8, halafu 12.4, halafu 11.6, na chini ya kila tarehe maneno yaleyale: aendelee na dawa, arudi baada ya miezi mitatu. Metformini, kidonge chake cha kisukari, ni ileile ya mg 500 mara mbili kwa siku. Mwaka umekwisha, macho na figo vinaendelea kuharibika, na kila daktari ukimuuliza ana sababu ya maana. Wa kwanza alitaka kumpa mgonjwa nafasi ya kurekebisha chakula. Wa pili alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza, akaona si vyema kugusa dawa za mtu asiyemjua. Wa tatu hali kadhalika, na wa nne.

Hapo ndipo kliniki za mafunzo zinapowapoteza wagonjwa wa kisukari. Daktari tarajali ana mwaka mmoja tu, tena umegawanywa idara kwa idara. Anayesomea ubingwa naye leo yuko kliniki, mwezi ujao yuko wodini. Kuzunguka huko hakuepukiki, ndiko kujifunza kwenyewe. Kinachoepukika ni mgonjwa kuanza upya kila daktari anapobadilika. Vipimo havipotei sana, vimo kwenye faili na kwenye kompyuta. Kinachopotea ni uamuzi: daktari anayeondoka alikuwa anangoja nini, na kikitokea alikusudia kufanya nini. Karibu kila hatua katika mwongozo huu inalenga jambo hilo.

Ukurasa wa mbele

Kila mgonjwa wa kliniki awe na karatasi moja iliyobandikwa ndani ya jalada la faili. Panapotumika kompyuta, iwe taarifa ya kwanza inayofunguka, au nakala yake ichapwe. Isizidi ukurasa mmoja, kwa sababu ukurasa wa pili hautasomwa asubuhi yenye foleni hadi mlangoni.

Iandikwe: mwaka kisukari kilipogundulika na aina yake, dawa anazomeza kweli, na dozi zake, dawa zilizowahi kusimamishwa na sababu, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) mbili za mwisho na tarehe, kreatinini na eGFR (vipimo vya figo; eGFR ikishuka, figo zinadhoofika), presha, tarehe ya mwisho ya kupimwa macho na miguu, lini sukari ilishuka sana na kwa nini, anayemsaidia nyumbani, namba mbili za simu. Halafu, ndani ya boksi lililochorwa kwa rula ili lionekane, uandikwe uamuzi unaosubiri.

Mfano wa sehemu ya ukurasa uliojazwa vizuri (NPH ni insulini yenye rangi ya maziwa, glibenklamidi ni kidonge cha kushusha sukari):

*Mwanamke, miaka 58, kisukari aina ya 2 tangu 2016. Metformini mg 1000 mara mbili. Insulini ya NPH yuniti 14 saa 3 usiku. Glibenklamidi ilisimamishwa: sukari ilishuka mara kwa mara. HbA1c 9.1%. Sukari za asubuhi 9 hadi 11. eGFR 52. Januari sukari ilishuka hadi 2.9, alichoma sindano akalala bila kula. Binti yake ndiye anayevuta dawa kwenye sindano. Desemba hadi Aprili yuko shambani.*

*Uamuzi unaosubiri: sukari za asubuhi zikiwa zaidi ya 7 na hakuna iliyoshuka chini ya 4, ongeza yuniti 2 kila baada ya siku 3, usivuke 24 bila kumwonyesha bingwa. Kreatinini irudiwe Juni. eGFR ikiwa chini ya 45, metformini ishuke hadi mg 500 mara mbili. Ikiwa chini ya 30, isimamishwe.*

Angalia boksi hilo lina vitu gani: sharti, hatua, kikomo na tarehe. "Sukari haijatulia" si uamuzi. "Afuatiliwe kwa karibu" si uamuzi pia, na ndiyo maneno yanayoongoza kwenye mafaili. Daktari mpya akisoma sharti na kikomo, tena vimesainiwa na bingwa, hapati sababu ya kuahirisha kwa kuwa hamjui mgonjwa. Anayemjua ameshafikiri kwa niaba yake.

Muhtasari wa ukurasa huu uandikwe pia kwenye daftari la mgonjwa. Faili halitoki masjala, lakini daftari linakwenda zahanati, duka la dawa na hospitali ya wilaya. Mgonjwa wa Chemba au Mpwapwa, mkoani Dodoma, akizidiwa usiku, tabibu atakayempokea huko atakuwa na daftari hilo peke yake.

Mgonjwa awe wa timu

Kumpa mgonjwa daktari mmoja wa kudumu katika kliniki ya mafunzo ni ahadi isiyotekelezeka. Inayotekelezeka ni timu: bingwa mmoja asiyehama, muuguzi mmoja asiyehama, na madaktari wawili au watatu wanaojifunza. Timu iwe na siku yake ya kliniki na rangi yake, na rangi hiyo ibandikwe kwenye faili na kwenye jalada la daftari. Mzee asiyesoma atakuambia mwenyewe kuwa yeye ni wa kijani.

Panga madaktari wa timu moja wasiondoke siku moja. Ratiba za tarajali na za wanaosomea ubingwa mara nyingi hazilingani, na hilo ni la kushukuru: weka aina zote mbili ndani ya kila timu, ili mmoja akiondoka abaki mwingine anayewajua wagonjwa. Zamu zikigongana hata hivyo, muuguzi ndiye uti wa mgongo. Apewe mamlaka ya kusema, "Daktari, huyu tulikubaliana aongezewe insulini leo," na madaktari wazoeshwe kuyasikiliza maneno hayo kama sehemu ya kazi. Kliniki inayomhamisha muuguzi wake wa kisukari kila mwezi kwenda wodini inajibomolea ukuta uliokuwa umebaki.

Wiki nne kabla ya kuondoka

Kukabidhiana kusingoje siku ya mwisho. Wiki nne kabla, daktari atoe orodha ya wagonjwa wake wote na kuwagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wale ambao wakikosa daktari kwa mwezi mmoja wanaweza kufa, kukatwa mguu au kulazwa. Humo wamo walioanza insulini ndani ya miezi mitatu, kila mwenye kisukari aina ya 1, wajawazito, wenye kidonda mguuni, ambao sukari iliwahi kushuka hadi wakahitaji kusaidiwa na mtu mwingine, wenye eGFR inayoporomoka, vijana wanaohamia kutoka kliniki ya watoto, na waliokosa kliniki mara mbili mfululizo. Fungu la pili ni ambao sukari haijatulia lakini hawana hatari ya haraka. La tatu ni waliotulia.

Kwa fungu la tatu ukurasa wa mbele unatosha. Kwa fungu la pili, madaktari wawili wakae na mafaili wayapitie pamoja, anayepokea akirudia kwa maneno yake uamuzi unaosubiri. Fungu la kwanza ndilo linalostahili jasho: mgonjwa aonane na madaktari wote wawili, siku moja, chumba kimoja, hata kwa dakika tano. Anayeondoka amtambulishe mwenzake kwa jina, aeleze mpango mbele ya mgonjwa, amwombe mgonjwa asahihishe. Wagonjwa husahihisha kweli: ndipo unaposikia kwamba ile dawa ya usiku iliachwa tangu mwezi uliopita kwa sababu iliisha dukani.

Usiseme, "Utaonana na daktari mwingine." Sema ni nani, siku gani, chumba kipi, na uandike kwenye daftari. Anayeambiwa "daktari mwingine" huelewa kuwa wake amekwenda, na wengine hawarudi mpaka kidonda kitoe harufu. Kwa fungu la kwanza, miadi ya kwanza na daktari mpya isizidi wiki nne.

Siku ya kwanza ya daktari mpya

Soma ukurasa wa mbele kabla mgonjwa hajaingia. Akiingia, salamu kwanza, na kwa mtu wa umri wa wazazi wako ni shikamoo, si "ndiyo mama, tatizo nini?" Halafu mwonyeshe kwamba unamjua: "Mama, nimesoma kwamba Januari sukari ilishuka usiku. Imetokea tena?" Swali hilo moja linamwambia kwamba hakuhitaji kuanza hadithi upya, na mtu aliyechoka kurudia habari zake kwa kila uso mpya hulegea hapohapo.

Mwombe amwage mezani mfuko mzima wa dawa, zikiwemo za zahanati na za dukani. Kosa la kuwinda hapa ni dawa moja yenye majina mawili. Mgonjwa amepewa glibenklamidi hospitalini kwenye boksi la rangi moja, na zahanati wakampa glibenklamidi ya kiwanda kingine. Anameza zote akiamini ni mbili. Kwa mzee, au kwa mwenye figo dhaifu, hiyo ni sukari kushuka kwa saa nyingi na kurudia kushuka hata baada ya kupewa glukosi. Ndiyo maana aliyeshushwa sukari na glibenklamidi hatolewi mapokezi kwa kuwa amezinduka. Aangaliwe saa 24 angalau.

Kabla ya kupandisha insulini, shika tumbo na mapaja. Vinundu laini chini ya ngozi, mahali anapochoma kila siku, hufyonza dawa ovyo: leo kidogo, kesho nyingi. Mwambie ahame sehemu, aruke upana wa kidole kutoka alipochoma jana. Na kwa kuwa sehemu mpya hufyonza vizuri zaidi, dozi ileile inaweza kumshusha, hivyo punguza kwanza na umwangalie kwa karibu. Mwombe avute dawa mbele yako. Utaona kama anasoma mistari ya sindano sawasawa, kama sindano ni ya yuniti 100 kwa mililita, na kama insulini ya maziwa, yaani NPH, anaizungusha viganjani taratibu mara 10 hadi 20 au anaitikisa kama chupa ya soda. Ukipandisha dozi bila kuona haya, unaweza kuwa unaongeza dawa ambayo haifiki mwilini. Siku mgonjwa akirekebisha uchomaji, dozi hiyo kubwa itamwangusha.

Ukishajiridhisha, tekeleza uamuzi uliomo kwenye boksi siku hiyohiyo. Kama unaona haufai, usiuache kimya: mwite bingwa, ubadilisheni, muandike kwa nini. Mgonjwa atoke na boksi jipya. Hakuna mahudhurio yanayokwisha boksi likiwa tupu, hata kama kilichoandikwa ni "HbA1c ikibaki chini ya 7%, dawa zisibadilishwe, irudiwe baada ya miezi 6."

Miguu isingoje daktari. Muuguzi amvue mgonjwa viatu vyote viwili kwenye mzani, na asivae mpaka daktari ameona. Udongo wetu una miiba, kandambili haizuii, na mwenye ganzi hatajua amechomwa. Tazama katikati ya vidole, magaga ya kisigino na ndani ya kiatu chenyewe. Kwa kipimo cha ganzi cha uzi wa gramu 10, mgonjwa afumbe macho, uzi ubonyezwe mpaka upinde kwa sekunde moja au mbili, na usibonyeze juu ya sugu kwa kuwa hapo hata mzima hahisi. Bibi aliyezoea Kigogo au Kirangi aulizwe habari za ganzi na kuwaka moto kwa lugha yake, kupitia mhudumu anayeijua. Mjukuu aliyemsindikiza, akitafsiri yeye, husitiri mengi, hasa ya mkojo na ya unyumba.

Majibu yanayokuja ukiwa umeshaondoka

Hili ni tundu dogo linalovuja sana. Daktari anaagiza HbA1c na kreatinini wiki yake ya mwisho, majibu yanatoka akiwa idara nyingine, na hakuna mwenye jukumu la kuyasoma. Dawa yake ni kaunta buku moja kwa muuguzi wa timu: tarehe, namba ya faili, kipimo, nani alikiagiza, na safu ya mwisho ya sahihi ya aliyesoma jibu. Kila Ijumaa safu zisizo na sahihi zisomwe mbele ya bingwa. Wiki mbili za mwisho za zamu, kipimo chochote kiandikwe kwa jina la anayepokea.

Afadhali zaidi, damu ichukuliwe wiki moja au mbili kabla ya miadi, uamuzi ufanyike mgonjwa akiwa amekaa mbele yako. Anayetoka mbali hawezi kuja mara mbili. Kama kituo cha afya cha kwao kinaweza kutoa sampuli au kupima sukari ya kufunga mara tatu kwa wiki hiyo, aandikiwe barua aende huko, alete majibu.

Usiiamini HbA1c kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au mwenye upungufu mkubwa wa damu. Namba inaweza kuonekana nzuri huku sukari ikiwa juu. Andika tahadhari hiyo kwenye ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, maana daktari wa mwakani ataiona namba, hataiona damu.

Kati ya kliniki na kliniki

Miadi ipangwe kwa kalenda ya mgonjwa. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na ndio msimu wa kulima mtama, uwele na karanga. Ukimpa mkulima wa Bahi miadi ya Januari bila kumuuliza, umempangia kukosa. Aliyetulia kwa vidonge anaweza kupewa dawa za miezi mitatu kabla mvua hazijaanza, pamoja na barua ya kupimwa sukari na presha zahanati kila mwezi. Aliyeanza insulini juzi asipewe mpango huo. Huyo apigiwe simu kila wiki mpaka dozi itulie, na asome sukari za asubuhi kwenye simu. Vijiti vya kupimia sukari vikiwa ghali kwake, siku mbili kwa wiki zinatosha kuamua ongezeko la yuniti 2. Sukari ikishuka chini ya 4 bila sababu inayoeleweka, dozi ipunguzwe asilimia 10 hadi 20 siku hiyohiyo, asisubiri kliniki.

Shamba lenyewe hushusha sukari, na hilo lazima lisemwe kabla ya jembe la kwanza. Atakayelima asubuhi hadi mchana ale kabla ya kutoka na abebe sukari mfukoni. Akitoka jasho jembamba, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike, arudie baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, halafu ale. Mwenzake wa shambani afundishwe pia, na aambiwe kwamba asiyeweza kumeza hamiminiwi kitu mdomoni, anakimbizwa kituoni.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8; iliyofunguliwa hukaa wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30. Nyumba ya bati mchana wa Novemba huvuka hapo. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati ukilowanishwa asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, hupoza vizuri kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu. Mvua zikiingia na hewa ikawa na unyevu, kupoza kwake hupungua, hivyo chungu kihamie kivulini penye upepo. Chupa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Iliyowahi kuganda itupwe hata kama inaonekana nzima. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa na muuguzi, mbele ya mgonjwa, ili daktari mpya asilaumu dozi wakati dawa imekwisha nguvu.

Kuhusu chakula, kauli za madaktari zinazogongana huwachosha watu kuliko ugonjwa. Mmoja anakataza ugali kabisa, mwingine anaruhusu wa uwele tu. Timu ikubaliane maneno mamoja: ugali wa mtama au uwele usiokobolewa ni bora kuliko sembe, lakini nao hupandisha sukari, kwa hiyo kipimo ni ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, mlenda na mboga vijaze nafasi iliyobaki. Zabibu za msimu zihesabiwe kama tunda, kiganja kimoja, si sahani. Kwa wagonjwa wa Kondoa na wengine wanaofunga Ramadhani, mazungumzo ya dozi yafanyike wiki sita hadi nane kabla, na jibu liandikwe ukurasa wa mbele, kwa kuwa mwezi huo unaweza kuangukia zamu ya daktari mwingine.

Kupima kama mpango unafanya kazi

Kila mwezi muuguzi ahesabu mambo matatu kutoka kwenye mafaili 20 yaliyochukuliwa bila kuchagua: wangapi walionwa na timu yao, maboksi mangapi yana sharti, hatua, kikomo na tarehe, na kati ya maamuzi ambayo sharti lake lilitimia, mangapi yalitekelezwa siku hiyohiyo. Hesabu ya tatu ndiyo yenye ukweli. Ikiwa chini, msiwaite madaktari kuwasuta. Tazameni kama bingwa alipatikana, kama dawa ilikuwepo, kama bima ya mgonjwa ilikubali.

Waliokosa miadi wapigiwe simu ndani ya siku saba, kwa namba ya kwanza, kisha ya pili, na namba zote mbili zihakikishwe kila hudhurio kwa sababu watu hubadilisha laini. Anayepokea simu akiwa jirani, asielezwe ugonjwa. Aombwe tu kumfikishia ujumbe kwamba kliniki inamtafuta. Mgonjwa akipatikana, swali la kwanza liwe "Umekwama wapi?" Nauli, dawa zilizoadimika, daktari aliyemkaripia, au msiba: kila jibu lina mtu wa kulishughulikia, na liandikwe kwenye kaunta buku pamoja na jina la huyo mtu na siku ya miadi mpya.